Turubai Lililoshonwa kwa Fundi wa Makochi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kosa: Kuharibu mali (turubai la kivuli la mashua)
Jina: limehifadhiwa jaladani. Umri: miaka 41. Kazi: mshonaji wa sare za shule. Makazi: nyumba za nyuma ya gati.

Mimi ni mke wa mwenye mashua. Mashua hiyo ya tanga ni ya watu wawili, mume wangu na mdogo wake, yaani shemeji yangu. Tangu mwezi uliopita mume wangu alikuwa anashona mwenyewe turubai la kivuli, maana abiria walikuwa wanalalamika jua. Nyumbani kuna cherehani. Yeye alikwenda kushonea kwa fundi wa makochi, mwanamke, karibu na duka la dawa. Nilipomuuliza alisema, "Sindano yako haipiti kwenye turubai, mama watoto." Ni kweli haipiti. Lakini sindano nene zipo, zinauzwa.

Alikuwa anarudi akicheka peke yake. Mimi na yeye hatujacheka siku nyingi.

Mnamo Jumamosi tarehe 9, mchana, nilimwona yule fundi anatoka kwake na turubai begani. Nikamfuata. Sikuwa na shughuli nyingine gatini, naomba iandikwe hivyo. Alilitandaza juu ya mashua, akafunga kamba moja mlingotini na nyingine nyuma, akavuta likakaza, akaenda zake. Lilikuwa zima.

Nikapanda. Nilitaka kuona mishono. Ya mume wangu naijua, inakwenda kombo. Kando yake kulikuwa na mshono ulionyooka, na pete za shaba za kupitishia kamba zimekaa sawasawa. Nilitafuta kosa, sikuliona. Chini yake palikuwa na ubaridi mzuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikasikia mtu anakuja, nikajificha stoo ya chini. Kwenye upenyo wa mlango nilimwona shemeji. Alikuwa anabwata peke yake: "Mwezi mzima watu wanashona, chombo hakisafiri! Kaka amegeuka fundi cherehani!" Akatoa kisu, akalichana turubai kutoka mwanzo hadi mwisho, akaondoka.

Jioni mume wangu alirudi amefura. Akasema, "Ni yule fundi. Nilimwambia kazi imekwisha, siji tena kwake, akanuna. Nyie wanawake kijicho kitawaua."

Jumapili asubuhi fundi alikamatwa. Mimi nilichemsha chai, nikanywa vikombe viwili, nikalala mchana usingizi mtamu.

Jioni yake mume wangu alikula vizuri, akasifu mboga, akasema, "Tafuta hiyo sindano nene, lingine tulishone hapahapa nyumbani." Neno hilo nililisubiri mwezi mzima. Nikamtazama. Mwanamke aliyekuwa anacheka naye yuko mahabusu, yeye ananiomba chumvi. Chakula kikanishinda.

Leo Jumatatu nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Fundi simpendi, na hata mkimtoa sitampenda. Lakini turubai hakulichana yeye.

Niliyoyaona ni hayo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake akayakubali. Kabla ya kusaini aliomba mumewe asijue kwamba alimfuata fundi mpaka mashuani. Nilimweleza kuwa maelezo haya yatasomwa mahakamani mbele ya wote. Akaomba kalamu.