Batri ya Mukono Moja

Jumatatu, 4 août
Imefika. Batri imefika! Paulin, mwenye kuniuzia, ameitosha Kampala, imepita ku mupaka ya Kasindi, na leo asubui ameniwekea mu mikono hapa Butembo. Lithium. Nimeibeba na mukono moja mupaka ku gari – mukono ingine nashika telefone, nazungumuza. Miaka kumi na ine nafanya transport Butembo–Beni, na batri zote zilinivunja mugongo. Hii, hapana.

Iko na kaécran kadogo juu. Kanasema 100. Nimekaangalia mupaka Paulin akachoka, akaenda zake.

Gari ni ile Hiace yangu ya zamani. Mwezi muzima natosha viti, naweka kitanda, rideaux ku madirisha, frigo ndogo, convertisseur ya kugeuza umeme ya batri, bouilloire ya maji. Ku parking banasema mi, Djuma, nimerogwa. Baseme. Inchi yetu ni muzuri na tunaipitaka mbio tu, macho ku barabara. Mi nataka kusimama penye moyo inapenda, nilale pale, niamuke na maziwa baridi na chai ya moto.

Jumanne, 5 août
Essai, kujaribu. Taa, frigo na bouilloire, vyote mara moja. Maji imechemuka na taa hata kupepesa jicho hapana. Kaécran: 97. Nimecheza peke yangu mu parcelle, mbele ya nyumba.

Bibi yangu Faraja aliniangalia, mikono ku kiuno. Akauliza mutu mwenye nyumba analala mu gari juu ya nini. Nikasema juu ya furaha. Hakucheka. Akasema: Baba Sofia, mwaka tulikimbia vita kule Kamango nililala inje miezi mbili, chini ya bâche ya plastiki, na mama yangu mugonjwa. Kwetu kulala inje ni kazi ya wakimbizi. Niliapa sitarudia.

Nilikuwa nasahau. Haya ilinikamata.

Kisha yeye mwenyewe akasema: usiku moja. Jumamosi hii, Vuhovi, ku shamba ya Kataliko, rafiki yako. Kama taa na frigo vimefika asubui, lala mu gari yako vile unapenda, nitakufuata. Kama vimekufa, Jumatatu unarudisha viti, na maneno ya kulala inje nisiisikie tena mu nyumba yangu.

Nimekubali mbele amalize.

Jumatano, 6 août
Nimepeleka batri kwa beau-père, Mzee Idi, baba ya Faraja, aione. Miaka makumi tatu anauzisha batri za camion, gari kubwa za mizigo. Hapa Butembo kila mutu anapima batri na mikono – nzito ni ya kweli, nyepesi ni feke – na nafikiri nusu ya muji ni yeye aliifundisha.

Ameinyanyua. Ameiweka. Ameinyanyua tena, ameitingisha ku sikio. Uso imekuwa ya matanga.

– Djuma, bamekuibia. Batri ya kweli bantu babili banabeba, na wa tatu analalamika.

Nikamueleza hii haina risasi ndani. Akauliza sasa kama haina risasi, kuko nini, upepo? Mu dépôt yake ya batri bote bamecheka. Mi pia. Ni muzee wa roho nzuri, hawezi kuona mutu wa kwake anapata haya pa njia na akanyamaza.

Ijumaa, 8 août
Nimeacha gari kwa Mzee Idi, nikaenda ku swala. Yeye alikuwa ameswali mapema ku musikiti wa karibu, asema. Niliporudi anapangusa mikono, anatabasamu. Ameniambia: enda tu, mukwe wangu, safari hii haya hapana kukupata.

Alhamdulillah. Ameanza kuelewa mambo ya kisasa.

Jumamosi, 9 août. Vuhovi, saa kenda
Tumefika! Batoto tumeacha kwa Mzee Idi. Mu mupando gari ilikuwa inakaa chini nyuma, nikamwambia Faraja ni ndizi zake. Amenifinya mukono, mpaka sasa inauma.

Kataliko ametuonyesha pa kusimama, pembeni ya kahawa, na amekwisha kutujulisha kwa chef wa kijiji. Milima, ingine nyuma ya ingine, mupaka macho inachoka. Faraja ametosha kiti, amekaa kama mugeni – viatu ku miguu, sac ya mukono ku magoti. Mutu wa kukimbia anakaaka vile. Nimeona.

Frigo inanguruma muzuri. Maziwa imeanza kuwa baridi. Ninapenda inchi hii. Ninapenda bibi yangu. Ninapenda Paulin.

Saa kumi na moja na nusu
Aksidenti.

Nimewasha bouilloire. Convertisseur imepiga kelele – piiii – na taa imekuwa rangi ya ndizi ya kuiva. Nimezima mbio, nimefungua sanduku chini ya kitanda.

Batri nyeusi. Kubwa. Vifuniko sita vya kuwekea maji. Na vumbi ya dépôt juu yake.

Nimekaa chini. Faraja amesimama nyuma yangu, ameona yote. Ni batri za baba yake, anazijua tangu utoto. Mbele nifungue kinywa, telefone imelia. Mzee Idi.

– Djuma, hii feke yako inakufaka saa ngapi?

Nikauliza feke gani. Kumbe tangu jana ameiweka ku télé yake na kuchaji telefone za majirani ya avenue muzima, anangojea ikufe mbele ya bantu, apate ushahidi wa kumukamata Paulin. Bantu bamejaa ku salon. Batoto yangu banaangalia dessins animés ku télé. Kaécran kanasema 54, na muzee amechoka kungojea.

– Beau-père, ni weye ulitosha batri yangu?

– Nilikuokoa. Yenye nilikuwekea ni kilo makumi sita.

Faraja amenyanganya telefone. Nikafunga macho, naona viti vinarudi. Nikasikia kicheko. Amecheka mupaka ameshika mulango ya gari.

– Baba, usiizime. Ongeza na pasi ya mama. Tuone gani itakufa mbele, ya kwako ao ya bwana yangu.

Saa kumi na mbili na nusu
Kataliko ametuletea makala, chai iko ku moto. Taa imekuwa nyekundu kabisa. Naandika na lampe ya telefone.

Mzee amepiga tena. 51, na shati zote za nyumba zimenyooshwa. Anauliza Paulin atarudi Kampala lini, juu anataka kuzungumuza naye, polepole, kama bantu bakubwa.

Faraja ametosha viatu. Sijui saa gani. Amekaa ku mulango wa gari, blanketi ku mabega, miguu mu majani. Amesema, hapana kwangu, ku milima tu: kumbe kulala inje bila kukimbia kuko hivi.

Frigo imenyamaza. Sasa hivi. Amesikia, najua amesikia, masikio yake ni mazuri kuliko yangu. Nangojea aseme Jumatatu, aseme viti. Amefungua frigo, ametosha maziwa, anaimimina yote mu chai. Ananipatia kikombe, haniangalii.

Anauliza kutoka hapa mupaka Kamango, gari hii, na batri ya kweli, ni masaa ngapi.