Tonge la Mlangoni

Isansa, Jumatano, Juni 1954

Basi nimelifuta. Tonge la bibi limetoka kwenye hadithi yangu, na sasa hadithi itachapwa kwenye kitabu cha shule.

Msimamizi wa misheni alilikataa tangu juzi. "Mwalimu, utoto wako umeuandika vizuri," alisema, "ila bibi huyu analisha wafu."

Nilimweleza. Ulezi mpya ulipopikwa, bibi alimega tonge la kwanza akaliweka mlangoni, akataja majina ya waliotutangulia, nasi wajukuu tukapiga makofi taratibu. Ndivyo tulivyofundishwa kwamba chakula hakikuanza na sisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa kalamu.

Ningekataa, lakini darasa ni lake, na hata nyumba ninayolala ni yake.

Kwenye hadithi sasa bibi anafumba macho na kusali kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe hakukijua.

Jioni nilimsomea mama. Nilidhani atafurahi, maana ndiye anayeongoza maombi ya akina mama kanisani. Alisikiliza huku akisonga ugali wa ulezi mpya. Nilipomaliza akauliza, "Huyo bibi ni wa nani?"

"Wa kitabuni, mama."

Alipoipua, akamega tonge, akaenda kuliweka mlangoni, akaanza kutaja majina. La bibi lilikuwa la mwisho. Kisha akanisubiri.

Nilipiga makofi. Lakini kwanza nilichungulia njiani, nione kama kuna mtu.