Makofi ya Meza ya Pasi

Shoga, nimeumbuka! Nimeumbuka mchana kweupe!

Si unamjua Mama Mkasi, yule fundi mkongwe kazini kwetu? Ukimshauri kitu, anakataa hata hujamaliza. Leo nikajifanya mjinga: "Hivi mama, meza ya pasi ikisogezwa karibu na cherehani, si itatuharibia kazi?"

Akaguna tu.

Baada ya chai akatangaza: "Meza ya pasi ije huku. Nimewaza mwenyewe."

Nikapiga makofi kuliko wote. "Mama, wewe ni kichwa!" Kichwa, shoga! Na vigelegele juu!

Wenzangu walipotoka akanivuta sikio taratibu: "Mwanangu, hata mimi fundi aliyenifundisha nilimpata hivyohivyo. Ila makofi punguza, utashtukiwa."