Siku Riziki Alipoingia kwa Gitaa Moja

Jumamosi jioni, Kasongo. Mvua ya tangu asubuhi imetulia. Kidole gumba changu kimevimba, na bado natabasamu peke yangu.

Leo mdogo wangu Riziki ameolewa.

Tulipanga magitaa matatu ya kwaya yetu yamwingize uani: Amisi bass, Bosco solo, na mimi akompa, yaani lile la katikati linalojaza. Wenzangu walikuwa njiani kutoka Salamabila. Saa ya kumtoa bibi harusi ikafika, na Amisi akapiga simu: "Dada Faida, pikipiki imekwama mu matope. Muanze tu."

Tuanze na nini?

Shangazi alinishika mkono. "Sasa mutoto aingie kimya, kama anatoka kuchota maji?"

Kwa miezi mingi nimejifunza, kwa video za simu, kupiga sauti zote tatu peke yangu. Gumba linatembeza bass kwenye nyuzi nene, vidole viwili vinajaza katikati, cha pete kinaimba juu. Mwanzoni, kila wimbo wa juu ulipoanza, gumba lilisahau mwendo wake na kuufuata. Nikalizoeza peke yake hadi nikaweza kuzungumza na mama huku linatembea. Lakini mbele ya watu sikuwahi kujaribu. Niliogopa kumharibia Riziki siku yake.

Nilikaa, nikaanza na gumba tu. Likatembea. Nikaongeza akompa. Likaendelea kutembea. Riziki alipotokea mlangoni, nikauachilia wimbo juu, taratibu.

Sauti zote tatu zikasikika pamoja, kila moja na njia yake.

Mama akapiga vigelegele, ua mzima ukamfuata. Riziki hakuharakisha. Alicheza kila hatua, nami nikarudia wimbo, nikarudia tena, hata alipokwisha kuketi.

Wenzangu walifika nikiwa bado napiga, tope hadi magotini. Amisi alisimama mlangoni mwa ua, akatafuta kwa macho. "Nani iko anapiga bass?"

"Ni Faida," Shangazi akamjibu. "Yote ni Faida."

Amisi alikaa bila kufungua mfuko wa gitaa lake. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nirudie, macho yake kwenye gumba langu tu.

Kesho nitalipumzisha. Jumatatu naanza kutafuta sauti ya nne.