Mama Kwenye Usukani

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Akheri hatujambo, kahawa imechanua. Umeuliza kama wanawake wa zamani waliendesha gari.

Enzi za Mwingereza, baba yangu alinunua gari kuukuu kwa Mhindi wa mjini. Siku moja alikwenda msibani kwa miguu, huku nyuma kaka yangu akaumwa na nyoka. Mama akampakia, akashika usukani. Nikapigwa na butwaa.

“Mama, unajua kuendesha?”

“Nimekaa kando ya baba yako miaka mitatu. Ulidhani natazama migomba?”

Tulifika hospitali, kaka akapona. Baba aliporudi, aliambiwa yote. Jumapili, tukienda kanisani, alizunguka gari, akaketi upande wa abiria.

Nakuombea heri.
Bibi yako