Ile ya Baba Imeniruka

Kilimani, Nairobi
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa Wangeci,

Pokea salamu nyingi, za kujaza gunia na zingine zibaki nje. Natumaini hujambo, ng'ombe hajambo, na ule mparachichi uliopigwa na mvua ya mawe umesimama tena. Ukiniuliza mimi, kusema sijambo hakutoshi. Katika Nairobi hii yote, kuanzia mjini kwenye maghorofa ya serikali mpaka huku Westlands ambako watu wanakula hata embe kwa uma, hakuna mtu mwenye bahati kama ndugu yako. Nimepimwa presha! Nesi akasema mishipa yangu ni ya kijana wa sekondari. Ile ya Baba imeniruka, dada, imepita juu kama ndege zinazotoka uwanja wa Wilson.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshamaliza kumi. Halafu sauti yangu unaijua sana. Barua hii anakuletea binti yako Janice akija nyumbani chuo kikifungwa, yeye na kifurushi ambacho nitakueleza.

Sasa sikia nilivyoufikia huu ujana. Unakumbuka siku ile ya ibada ya kumkumbuka Baba, hapo Limuru, nilikuomba tuende sote wawili tupimwe, kwa maana Baba alianguka katikati ya majani chai na hakuwa amepimwa hata mara moja. Ukanicheka mbele ya watu. Ukasema nitangulie mimi na tumbo langu, kwamba ikiwa mimi mla mafuta ni mzima, basi wewe mla mboga za terere huna haja ya kwenda kukaa kwa benchi la hospitali siku nzima. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, si unanijua.

Nikarudi kazini. Bado nachoma kuku na mishkaki kwa Bwana Alkarim, na bila kujisifu, watu wanatoka mtaa wa Karen wakiacha nyama kwao. Lakini ubao ndio adui wa mchomaji. Ukipeleka nyama kwa meza unaikatakata mbele ya mteja, chumvi iko pale pembeni kama kilima kidogo cheupe, na mteja mwenye adabu lazima akupe kipande cha kwanza. Ukikataa, anadhani nyama ina kasoro. Kwa hivyo, dada, mimi nimekula kipande cha kwanza cha Nairobi nzima, nikikichovya kwa chumvi, miaka hiyo yote. Muulize mshipi wangu.

Nikaamua kubadilika, na mimi nikiamua huwa naamua kama waziri. Niliacha kila kitu kwa siku moja: chai, ugali, nyama, chumvi, hata kucheka nikapunguza. Nikawa mtu wa maji ya ndimu na tangawizi tu, na asubuhi nakimbia nyuma ya wale matajiri wa Kileleshwa wenye saa za kusikiliza moyo. Kanyiva, yule mama anayetupikia ugali na sukuma pale kazini, akaniuliza kama natafuta kazi ya kusimama kwa kioo cha duka nikivalishwa suti. Nikamwambia aone wivu polepole.

Hata wiki haikuisha. Nilikuwa nageuza kuku, nikaona moshi umekuwa laini kama blanketi, na ng'ambo ya jiko amesimama Baba na lile koti lake la kijani, ananiomba nimpishe apite. Nikampisha. Kumbe nimeanguka juu ya magunia ya makaa. Kwa mbali nasikia Bwana Alkarim akipiga kelele kuku waokolewe, wanaungua, kisha sauti yake ikabadilika, akawa ananiita Muigai, Muigai ndugu yangu, amka bwana. Ni yeye mwenyewe aliyenibeba na nguo zake nyeupe mpaka kwa gari, mpaka kliniki.

Hapo ndipo nilipopimwa. Nesi akafunga kile kitambaa mkono wa kushoto, akahamia wa kulia, akaniambia nitulie kidogo, akarudi tena wa kushoto. Alikuwa anashangaa, dada. Hajawahi kukutana na damu iliyotulia hivyo.

Akanikalisha chini akanifundisha. Alisema ninavyojitesa ni sawa na kuchoma nyama kwa moto wa petroli, nje inameremeta na ndani ni mbichi. Akasema nichague kitu kidogo, kile ninachoweza kukifanya siku ya harusi na siku ya matanga pia. Nikaanza na chumvi. Kipande cha kwanza bado napokea, siwezi kumvunjia mtu heshima, lakini sikichovyi. Vingine navitia kwa sahani, Kanyiva anawapelekea walinzi wa geti, na siku hizi wananipigia saluti kama jenerali. Jioni nakula terere kama wewe, ila sio kama lako. Lako, tuseme ukweli, ni chumvi iliyonyunyiziwa mboga.

Na ninatembea. Mbio niliwaachia wenye saa. Asubuhi natoka hapa Kilimani, nakata Kileleshwa, nateremka Riverside, napanda Westlands. Ungeona, dada. Huu ukungu wa Julai unayakata maghorofa kiunoni, ile nusu ya juu inaelea peke yake, kama nyumba za watu wa ndotoni wasiolipa kodi. Magari yamejipanga na taa zao, hayaendi popote, na mimi nayapita kwa miguu ya mama yangu. Hakuna anayenijua. Hata mimi nasahau kidogo kwamba ndimi Muigai, nabaki pumzi tu inayotoka nyeupe na kurudi.

Siku nyingine Baba anakuja. Koti limelowa umande kama zamani akitoka kuchuma chai, na tunaenda mwendo mmoja, hakuna anayemharakisha mwenzake. Tukifika daraja la mto anasimama. Mimi naendelea kupanda. Nikigeuka naona ukungu tu, na moyo wangu haushtuki.

Basi. Bwana Alkarim anakusalimu sana na anauliza habari ya maparachichi. Kanyiva naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Ndani ya kifurushi kuna raba. Saizi nilimuuliza Janice. Ni za kutembea, usizifiche kwa kabati ukingoja Krismasi.

Nilitaka nifunge hapa, ile bahati yangu ibaki pale juu ikimeremeta. Lakini Janice aliniambia jambo lingine nilipomuuliza saizi. Alisema siku hizi ukienda kuchuma chai unajifunga kitambaa kwenye paji la uso, unakaza sana, na ukiulizwa unasema kichwa kinagongwa na jua. Jua gani, dada? Jua gani la Limuru? Baba alijifunga taulo vivyo hivyo na kusema ni baridi.

Na wewe ulisema mimi nikiwa mzima huendi.

Yule nesi, alipomaliza kuhamahama mikono, aliniuliza kama Baba alikuwa na watoto wengine. Nikamjibu yuko mmoja, dada yangu, ndiye aliyenilea. Akaniambia basi na yeye aje, asichelewe.

Kwa hivyo vaa hizo raba kesho asubuhi, uende na Janice ukapimwe. Tembe si kitu, unameza na maji halafu unatoka kutembea, ninajua. Kwa simu ungenishika tangu salamu. Nilidanganya, Wangeci. Ile ya Baba haikuniruka. Presha ninayo.

Ni mimi ndugu yako,
Muigai