Meno Uliyokataa Yang'olewe

Mama yangu mpenzi,

Nimeolewa. Habari hii ilipaswa kukufikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na bado kila asubuhi nikiamka hapa Munuki, Juba, nikimwona Taban amelala na mkono wake juu ya mto wangu, kitu cha kwanza kinachonijia ni kukukimbilia nikwambie. Mama, nimeolewa na mwanamume anayeimba akifunga kamba za viatu! Anafanya kazi ya mizigo pale uwanja wa ndege, anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, na bado anasimama mlangoni aniangalie kwanza kabla ya kuomba maji ya kunywa. Siku ya harusi mpiga picha aliniambia nifunge mdomo ili waya za meno zisiharibu picha. Taban akamjibu, "Wewe piga tu. Mimi nimezifuata hizo taa." Nilicheka hadi shela ikateleza.

Kwa hiyo nina furaha. Nataka ulijue hilo mapema, kwa sababu yanayofuata karibu yote ni malalamiko.

Fizi zangu zinatoka damu.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Kitale, kile tuliporudi Juba tulikitumia sokoni tukitaka kumsema mtu akiwa amesimama mbele yetu. Wewe ulikuwa huwezi kulisema neno "thelathini" bila hewa kupita pale palipokuwa na meno manne ya chini, na mimi nilikuwa nakuuliza makusudi, "Mama, ishirini ukiongeza kumi ni ngapi?" ili nikusikie. Ulikuwa unanifinya. Ukicheka ulivuta ncha ya kitenge ukafunika mdomo. Katika picha zote nilizo nazo, umefunika mdomo.

Unaikumbuka siku ile shangazi alipokuja Kitale? Nilikuwa na miaka tisa. Alikuja na kijichuma amekifunga kwenye kitambaa, akasema wasichana wa rika langu nyumbani wameshang'olewa, na kwamba nikibaki na meno ya chini nitaonekana kama mtoto hadi uzee. Ulikuwa unasonga ugali. Ulisimama mlangoni na mwiko mkononi, unga ukidondoka kwenye miguu yako, ukamwambia, "Yangu yalitosha." Basi. Hukupiga kelele. Shangazi alikaa siku mbili, akala, akaondoka na kijichuma chake. Mlangoni alinitazama mdomoni akasema, "Huyu meno yatamjaa, utaona."

Na yakajaa, mama. Hilo ndilo lililokuwa linakuuma. Meno ya chini yalibanana kama abiria wanaogombea benchi moja, moja likageuka ubavu. Ndiyo maana ulinipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno pale karibu na Nyakuron, ukaketi nje na pochi yako mapajani kama umekuja kunidhamini. Alipomaliza kuzifunga waya ulinishika kidevu ukasema, "Ukiolewa, usifunike." Miezi minne baadaye nilikuzika. Sikufunika, mama. Picha zote ninacheka.

Sasa sikia balaa niliyojiletea.

Siku ya kwanza katika ua wa wakwe zangu, mama mkwe alipika kombo, mboga ya majani yenye karanga nyingi, na kisra, ile mikate laini myembamba kama karatasi, na samaki mkavu. Nilikula nikalamba vidole. Nilipomaliza nikainuka nikachukua mswaki, kama daktari alivyonifundisha: kila baada ya chakula, kwanza juu ya waya, kisha chini yake, na mswaki uinamishwe ugusane na ufizi. Sijafika kwenye pipa la maji nikamsikia Mama Suzan, mdogo wake mama mkwe, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata kitunguu.

"Ehe! Arus anasugua chakula cha mkwewe kama uchafu."

Arus ni bibi harusi kwa Kiarabu cha Juba, na ndilo jina langu hapa. Wanawake wote waliokaa chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli uani, walicheka. Mama mkwe hakucheka. Aliiangalia sufuria yake, na hilo likaniumiza kuliko kicheko. Nikarudi kuketi na mswaki nimeuficha kwenye mkunjo wa nguo.

Tangu siku hiyo nilikaa. Unajua bibi harusi mpya hainuki kabla ya wakubwa. Wakimaliza kula anawamwagia maji ya kunawa, kisha analeta chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, kisha zinakuja hadithi, kisha vyombo. Saa mbili nzima kombo ilikuwa imelala kwenye waya zangu kama mgeni asiyejua kuaga. Nilipopata nafasi nilisugua haraka haraka. Nikaona damu. Nami, mama, mwenye cheti cha sekondari chenye alama nzuri ya biolojia, nikafanya upumbavu: nikapahurumia. Nikaanza kuziruka sehemu zinazotoka damu ili zipone. Kumbe palikuwa panazidi. Fizi zikavimba hadi zikakaribia kumeza vile vibati vidogo vinavyoshika waya.

Nilipokwenda kwa daktari, aliugusa ufizi kwa kichuma chake chembamba na bakuli likawa jekundu. Alivua barakoa, na anapovua barakoa ujue mambo ni mazito.

"Umeacha kusugua chini hapa?"

"Panatoka damu, daktari."

"Panatoka damu kwa sababu pana uchafu. Ukipaacha, uchafu unabaki." Kisha akanieleza polepole. Jino linaposogezwa na waya, mfupa unaolishika hujijenga upya nyuma yake. Ufizi ukiwa mgonjwa, mfupa hulika badala ya kujengeka. Alitikisa meno yangu mawili ya mbele, chini. Yalicheza zaidi ya inavyotakiwa. "Nakupa wiki sita. Ukirudi na fizi hizi, nazitoa waya zote, tuokoe meno. Na hayo mawili ya chini siwezi kukuahidi."

Mama, mawili ya chini! Yale yale! Nilitoka pale nikapita boda boda wote wakiniita, sikumjibu hata mmoja. Nilikuona mlangoni na mwiko. Nikawaza: mama yangu alimfukuza shangazi na kijichuma chake, halafu mimi niyapoteze kwa aibu ya kuinuka baada ya kula?

Ungetegemea basi kwamba nilikwenda nyumbani nikasema ukweli. Wapi. Nilianza kujificha.

Baada ya kila mlo nilisema naenda chooni. Nikapita nyuma ya bafu la mikeka na kikombe cha maji ndani ya nguo, nikasugua nimechuchumaa, nikatumia na kile kibrashi chembamba cha kupitisha chini ya waya, nikasukutua, nikatema mchangani, nikafukia kwa mguu. Mara tatu kwa siku. Sikujua kwamba upande wa pili wa ua ule wa mikeka ndipo anapokaa jirani yetu Mganda mwenye kiduka. Kila mtu anamwita Nalongo kwa sababu alizaa mapacha, na kwa sababu hiyo anajiona mtaalamu wa matumbo yote ya Munuki.

Siku moja nimekwenda kununua sabuni, akanishika mkono.

"Dada, mimi nakuona. Kila ukikula, unakimbia nyuma ya bafu, unatapika. Mimi si mtoto."

"Nalongo, sitapiki."

"Ee, ficha tu. Tumbo hapana ficha."

Mama, ndani ya siku mbili nilikuwa na mimba ya mtaa mzima. Mama mkwe alininyang'anya ndoo ya maji. Aliniwekea mto mgongoni. Na kwa upendo wake wote, ambao ndio uliokuwa unanikaanga, akaanza kunitengenezea vidonge vya simsim na asali, vile vinavyonata kama gundi ya fundi viatu, kwa sababu alivila alipokuwa na mimba ya Taban. "Kula, arus. Mtoto anataka." Ananikalia mbele hadi nimeze. Simsim iliingia kwenye waya hadi nikahisi nina shamba mdomoni. Kadiri nilivyokula ndivyo nilivyokimbilia nyuma ya bafu, na kadiri nilivyokimbilia ndivyo Nalongo alivyopiga makofi.

Halafu Taban wangu akarudi kutoka kazini amebeba nanasi na uso kama jua. Wenzake wa mizigo walishampongeza kabla mimi sijasikia. Alipiga goti, mama, kwenye vumbi, akaweka sikio lake tumboni kwangu.

"Taban, mpenzi, inuka. Ni fizi."

"Nani?"

"Fizi. Ninapiga mswaki kwa siri."

Niliona kitu kikishuka machoni mwake, nami roho yangu ikashuka nacho. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemea ukuta, nikampiga na taulo. "Usicheke! Meno yangu yatang'oka!" Hapo akaacha kucheka. Nilimweleza kila kitu, kijichuma cha shangazi, mwiko wako, wiki sita. Alinishika mikono yote miwili akasema atazungumza na mama yake. Siku tatu nikasubiri. Kila nikimuuliza anasema, "Leo ana furaha sana, nitaanzaje?" Nampenda huyu mtu hadi napungukiwa na pumzi, lakini mbele ya mama yake ni kijiti cha kiberiti kilicholowa.

Jumapili tukatoka kanisani, ua umejaa. Mama Suzan yupo. Tumekula nyama na asida, ugali wa huku, nami ninahisi nyuzi za nyama zimejifunga kwenye waya, ufizi unapiga kama moyo. Mama mkwe akaleta sahani ya simsim. Akasema kwa sauti, wote wasikie, "Huyu wa kwanza akiwa msichana, nitampa jina la mama yake arus, Mungu amrehemu."

Jina lako, mama. Alitaka kumpa mtoto ambaye hayupo jina lako. Hapo sikuweza tena.

Niliinuka. Nikaenda chumbani nikaleta kikombe, mswaki, kibrashi na kioo kidogo, nikaketi kwenye stuli katikati ya rakuba.

"Mama, nisamehe. Sina mimba. Nina ugonjwa wa fizi. Nisipopiga mswaki kila baada ya kula, daktari atatoa waya, na meno ya chini yatakwenda. Chakula chako ni kitamu, ndiyo maana kinakaa."

Mama Suzan akadakia, "Fizi? Nani hana fizi? Sisi tumekula na nini miaka yote?" Na vicheko.

Mama mkwe aliweka sahani chini. Alikuja akasimama mbele yangu, akanishika kidevu, mama, vile vile kama wewe. "Fungua." Alitazama. Kwa kidole gumba akavuta mdomo wangu wa chini, akaona pale palipo pekundu. Yeye pia hana manne ya chini, nimekwambia? Hana.

"Haya, mama yako aliyaacha?"

"Aliwakatalia, mama."

Ulimi wake ulipita pale palipo na pengo, nikauona. "Mimi nililia siku tatu," akasema taratibu. "Kisha wakaniambia nimependeza." Akageuka kwa mdogo wake. "Mama Suzan, lete maji." Mama Suzan akaleta! Mama mkwe akashika jagi mwenyewe, akasema, "Sugua. Niangalie unavyofanya."

Nikasugua, mama, mbele ya watu kumi na wanne, na Taban amesimama nyuma yangu ameshika kioo, mwoga wangu mzuri, analia bila kujificha.

Usidhani sasa nimestarehe. Kila baada ya mlo mama mkwe anapaza sauti, "Arus! Mswaki!" hadi wapita njia wanageuka. Anachungulia ninachotema kama mkaguzi. Mama Suzan naye ameanza kunikagua na kunipa maoni. Simsim imepigwa marufuku, lakini Nalongo bado haamini, ananiletea ndimu. Siku nyingine nataka kupiga mswaki peke yangu tu kama binadamu. Na ufizi mmoja, kati ya yale mawili ya chini, bado unauma nikiugusa.

Ila asubuhi ya leo nilisukutua nikatema, na maji yalikuwa meupe. Meupe kabisa. Mama mkwe aliinama juu ya beseni, akaangalia, akaangalia tena. Kisha akainua kichwa akapiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Kutoka upande wa pili wa ua nikamsikia Nalongo anaita kwa mshangao, "Amezaa? Mtoto iko wapi?"

Nilicheka, mama. Sikufunika.

Kesho kutwa, Alhamisi, zile wiki sita zinaisha, narudi kwa daktari. Taban ameomba ruhusa kazini anisindikize, na mama mkwe amesema naye anakuja, amechagua hata nguo. Ataketi nje, pale ulipoketi wewe, na pochi yake mapajani. Sijui daktari atasema nini kuhusu yale mawili. Nitafungua mdomo nikukumbuke na mwiko wako.

Pumzika, mama. Wala usifunike mdomo huko uliko.

Ni mimi binti yako Poni, bado na meno yote uliyoniachia.